Injinia, mwalimu wa shule au mwanafunzi wa chuo: nani amfundishe mtoto wako hesabu na fizikia?

Mzazi anayetafuta mtu wa kumfundisha mtoto hesabu na fizikia nje ya shule, awe Kampala, Bombo, Jinja au Arua, kwa kawaida huletewa majina ya watu wa aina tatu. Kuna mwalimu wa sekondari anayefanya kochingi, yaani masomo ya ziada ya kulipia, jioni na Jumamosi. Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu, mara nyingi wa Makerere au Kyambogo, anayetafuta hela ya matumizi. Halafu kuna injinia: mtu wa umeme, wa majengo au wa mitambo, mwenye ajira yake au anayesubiri mradi mwingine, anayesema anaweza kumsaidia kijana wa S.3 hadi S.6 (sekondari ya Uganda ina miaka sita: S.1 hadi S.4 ni O-level, S.5 na S.6 ni A-level). Huyu wa tatu ndiye wazazi huniuliza habari zake zaidi, kwa sababu jina la injinia lina uzito, na mara nyingi bei yake pia.

Mimi natunza maabara ya fizikia katika shule ya sekondari. Kazi hiyo imeniweka karibu na walimu, na vijana wanaofundishwa na mainjinia nyumbani nawaona wanapokuja kufanya majaribio. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtoto wa S.3, S.4 au S.5 anayejua kanuni lakini haoni zinatumika wapi, injinia mzuri ndiye ningemchagua. Mtoto wa S.1 au S.2 ambaye bado sehemu na alama ya kutoa zinamshinda, pamoja na yule wa S.6 aliyebakiza muhula mmoja, ningewapeleka kwa mwalimu.

Anza na karatasi za mtoto

Kabla ya kumpigia mtu simu, kusanya karatasi za mitihani ya muhula uliopita na madaftari, ukae na mtoto mezani. Hata kama wewe mwenyewe uliacha hesabu zamani, utaona kitu. Angalia alama zilipopotea. Je, alishindwa kuanza kabisa? Alianza vizuri akakwama kwenye kukokotoa? Au jibu ni sahihi, ila mwalimu ameandika "onyesha kazi" na kukata alama?

Mtoto anayekwama kwenye kukokotoa mara nyingi ana tatizo la zamani kuliko sekondari. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na mpaka zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 watoto wengi walikuwa wamesoma kwa vipande vipande. Wengi waliokuwa shule ya msingi wakati ule leo wako sekondari, na pengo lao linaonekana kwenye nusu jumlisha theluthi, kwenye hasi tano kutoa hasi tatu, na kwenye kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. Ukimpa mtoto huyu injinia, injinia ataeleza sheria ya Ohm vizuri sana na mtoto ataielewa, kisha atashindwa kutafuta ukinzani wa rezista mbili zilizofungwa sambamba kwa sababu pale ndani kuna sehemu za kujumlisha. Nimeliona hilo maabara kwa macho yangu: kijana anasoma ammita na voltimita bila kosa, halafu anaganda kwenye hesabu ya darasa la sita. Anachohitaji ni mtu mwenye subira ya kurudi nyuma miezi miwili, bila kumdharau.

Anayeshindwa kuanza kabisa ni mwingine. Huyo anajua kanuni, anaweza kukutajia zote, ila akipewa habari ya maneno haoni kanuni ipi inaingia wapi. Na anayekatwa alama ilhali jibu ni sahihi, shida yake iko kwenye kuandika mtihani. Mambo haya yana dawa tofauti, na hapo ndipo uchaguzi wako ulipo.

Injinia anakuletea nini

Mtaala mpya wa O-level ulianza na S.1 mwaka 2020, na kundi la kwanza likafanya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, kwa mtaala huo mwaka 2024. Asilimia 20 ya matokeo hutoka kwenye kazi za shuleni na 80 kwenye mtihani wa mwisho wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Maswali yamebadilika sura. Zamani mtoto aliulizwa: taja maana ya presha, kisha kokotoa. Sasa anapewa hali ya maisha, watu wana shida fulani, na yeye atumie alichosoma kuwashauri. Na fizikia, pamoja na hesabu, ni masomo ya lazima hadi S.4, kwa hiyo hakuna pa kuyakwepa.

Hapa injinia yuko nyumbani kwake. Fikiria swali la namna hii: zahanati moja nje ya Arua inataka kuweka tanki la maji la lita 5,000 juu ya mnara wa chuma wenye miguu minne. Kila mguu umekaa juu ya bamba la mraba lenye upande wa sentimita 30. Fundi ameambiwa udongo wa pale usibebeshwe zaidi ya paskali 100,000. Washauri.

Mtoto aliyekariri ataandika kwamba presha ni nguvu gawanya kwa eneo, kisha atasimama. Injinia atamwanzisha mbali zaidi ya kanuni. Lita 5,000 za maji ni kilo 5,000, kwa hiyo uzito ni kama niutoni 50,000. Ukiuacha kando kwa sasa uzito wa mnara na tanki lenyewe, kila mguu unabeba niutoni 12,500. Bamba lina eneo la mita za mraba 0.09. Gawanya: unapata karibu paskali 139,000. Udongo hautahimili. Basi rudi kinyume: niutoni 12,500 gawanya kwa 100,000 ni mita za mraba 0.125, na mraba wa eneo hilo una upande wa sentimita 35 na kidogo. Kisha injinia atauliza swali ambalo kitabu hakiulizi: je, utaweka 36 hasa, wakati uzito wa chuma tuliuacha? Mtoto mwenyewe atasema tuweke 40 au 45, na ataeleza kwa nini. Hilo la kueleza kwa nini ndilo maswali ya siku hizi yanalitafuta.

Kwa kijana wa S.5 mifano inakua naye. Bwawa la umeme la Karuma lina mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja. Mpe kimo cha maji cha mita 70 na ufanisi wa asilimia 90, umwambie atafute ni mita ngapi za ujazo za maji zinapita kila sekunde ili kupata megawati 600. Atapata karibu 970. Atashangaa, atarudia hesabu akidhani amekosea, na kwa kurudia huko nishati ya kimo itakuwa imemwingia. Au mpeleke daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, aone kila waya unavyovuta kwa mshazari, kisha arudi nyumbani kugawa nguvu hiyo katika sehemu ya wima na ya mlalo. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hana nafasi ya kufanya hivi hata akitaka.

Faida nyingine ya injinia ni ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Kijana, hasa binti, anayeambiwa kila siku kwamba fizikia ni ya watu fulani tu, akikaa meza moja na dada aliyesomea umeme na anayefanya kazi ya umeme, maneno yale yanapungua nguvu. Kama una binti na umebahatika kumpata injinia mwanamke, mchague yeye hata kama bei imezidi kidogo.

Anapopwaya

Injinia wengi huruka hatua. Wamefanya hesabu hizi miaka mingi kiasi kwamba mistari minne kwao ni mmoja, na mtoto anaiga. Kwenye mtihani wa UNEB alama hutolewa kwa hatua: mchoro, kanuni, kuingiza namba, jibu, kipimo. Jibu sahihi lililosimama peke yake linapoteza alama.

Kuna na vitu vidogo ambavyo mtu asiyeishi na karatasi hizi havijui. Angalia karatasi za miaka iliyopita: fizikia ya A-level inakupa g, yaani mchapuko wa uvutano wa dunia, kuwa 9.81, hesabu ya A-level inatumia 9.8, na fizikia ya O-level inatumia 10. Injinia hutumia aliyoizoea kazini. Pia anaweza kumfundisha mtoto njia ya chuo kikuu, nzuri na fupi, ambayo mtoto hawezi kuitetea kwa yale ambayo silabasi imempa.

Jambo zito zaidi ni kutokuwepo. Kazi ya injinia iko saiti. Leo yuko Ntinda, Kampala, wiki ijayo anaitwa Hoima kwenye miradi ya mafuta, au kwenye barabara huko Karamoja, na kipindi cha Jumamosi kinakufa. Anaweza kuendelea kwa simu ya video, na kwa kijana wa S.5 mwenye nidhamu inawezekana kabisa. Kwa mtoto wa S.2 sijaona ikizaa. Muulize waziwazi mkataba wake unaisha lini na mwajiri wake anaweza kumhamisha muda gani. Mtu mkweli atakujibu.

Halafu kuna mradi wa mtoto. Mtaala mpya unamtaka mwanafunzi afanye mradi wake, na injinia ana mikono myepesi. Nimepokea maabara vitu vizuri mno, vimechomelewa na kupakwa rangi, ambavyo mwenye navyo hawezi kueleza waya unaingia wapi. Mwambie injinia tangu siku ya kwanza: ashauri, aulize, asiguse.

Mwalimu wa shule

Thamani kubwa ya mwalimu ni kwamba anaujua mtihani kutoka ndani. Wanaosahihisha karatasi za UNEB wengi wao ni walimu, na aliyewahi kukaa kwenye usahihishaji hawezi kusahau kinachowapotezea watoto alama. Kwa S.6 hili lina uzito mkubwa, kwa sababu ya namna vyuo vya serikali vinavyohesabu. Kwenye UACE, mtihani wa mwisho wa S.6, daraja A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4. Mtoto akiomba uhandisi, hesabu na fizikia ni masomo ya msingi ya kozi hiyo, na pointi zake huzidishwa kwa 3. Kutoka B kwenda A katika hesabu peke yake kunampa nyongeza ya 3. Katika ushindani wa nafasi za udhamini wa serikali, tofauti hiyo inaweza kuamua kama mzazi atalipa ada au hatalipa.

Na hapa nazungumza kama mtu wa maabara: kwa mtihani wa vitendo, mwalimu anamshinda injinia kwa mbali. Chukua jaribio la penduli, ambalo kila mtu anadhani ni rahisi. Mtoto anapima muda wa mizunguko 20 kwa urefu mbalimbali wa uzi, anatafuta muda wa mzunguko mmoja, anaupandisha kipeo cha pili, anachora grafu dhidi ya urefu, anatafuta mwinamo, kisha anapata g. Injinia anaangalia kama jibu limekaribia 9.8. Msahihishaji anaangalia jedwali kwanza. Je, kila safu ina kichwa na kipimo chake? Je, urefu wote umeandikwa kwa idadi ileile ya desimali ambayo rula inaruhusu, yaani 0.300 na wala si 0.3? Je, skeli ya grafu ni ya kusomeka, au mtoto amechagua tatu-tatu na sasa hajui 0.47 iko wapi? Je, pembetatu ya kutafutia mwinamo ni kubwa, na haijachukua nukta za jedwali zilizo nje ya mstari? Kijana anaweza kupata g ya 9.3 na akachukua karibu alama zote. Mwingine akapata 9.8 kamili akaanguka kwa sababu jedwali lake halina vipimo. Vifaa vya nyumbani havitoshi kufundishia haya, na injinia hana venia kalipa (kifaa cha kupimia unene) na kisanduku cha lenzi sebuleni kwako.

Upungufu wa mwalimu unajulikana. Kochingi yake mara nyingi ni ya kundi, na mtoto mpole hujificha nyuma kama anavyojificha darasani. Baadhi yao hurudia noti zilezile za asubuhi. Na usidhani atakuja kwa bei ya chini: tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika shule za serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, kwa hiyo mwalimu mzuri anachagua nani amuuzie Jumamosi yake. Kumbuka pia kwamba wizara ya elimu imekuwa ikikataza shule kuendesha masomo ya likizo kwa malipo. Unachopanga nyumbani kwako na mtu mmoja ni jambo tofauti na kumpeleka mtoto kwenye darasa la likizo shuleni, ambalo linaweza kufungwa katikati.

Kama mwalimu unayemfikiria ndiye anayemfundisha mtoto huyohuyo darasani, mimi ningemtafuta wa shule nyingine. Mtoto asiyemwelewa asubuhi anahitaji kusikia sauti nyingine jioni.

Mwanafunzi wa chuo

Huyu ana sifa moja ambayo wakubwa wamepoteza: anakumbuka kutoelewa. Aliyefanya UACE juzi anajua mada ya vekta ilimuuma wapi, na mtoto haoni haya kumwambia "sijaelewa" mara ya tatu. Kwa kurudisha msingi wa S.1 na S.2, mwanafunzi mtulivu wa ualimu wa sayansi, hasa wa Kyambogo, anakufaa kuliko injinia mwenye miaka kumi ya kazi, na kwa bei nafuu. Ila mitihani yake mwenyewe ikifika atatoweka, na kwa S.6 uzoefu wake wa mtihani ni mmoja tu, wa kwake.

Pesa, muda na usalama

Linganisha bei kwa saa moja ya mtoto mmoja. Mwalimu wa kundi anaonekana nafuu kwa muhula, lakini gawanya kwa vipindi, kisha jiulize mtoto wako anaongea dakika ngapi. Injinia wengi hutaka nauli ya boda juu ya malipo, kwa hiyo iwekeni mezani mapema. Nyumba mbili za jirani zenye watoto wa darasa moja zinaweza kushirikiana kumlipa injinia mmoja, na watoto wawili hujifunza vizuri kwa sababu hubishana. Wakifika wanne, faida hiyo inaisha.

Digrii ya uhandisi peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi aliyesajiliwa. Usajili hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, baada ya uzoefu wa kazi. Kwa kumfundisha mtoto huhitaji awe amesajiliwa, lakini akijitambulisha hivyo una haki ya kuuliza namba yake. Mwalimu naye husajiliwa. Yeyote utakayemchukua, ona kitambulisho chake cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa anakokaa, na mzungumze na familia moja aliyoifundisha. Somo lifanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwepo. Mtu mwema hataona ubaya.

Kuhusu lugha, nyumba nyingi zetu huongea Kiswahili au Kinubi (lugha ya Wanubi wa Uganda), na mtihani uko kwa Kiingereza. Anayeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani ana faida kubwa kwenye kueleza. Mwambie tu kila kipindi kiishie kwa mtoto kuandika jibu zima kwa Kiingereza, kwa sentensi zake mwenyewe.

Kipindi cha kwanza cha kumpima

Usimpime kwa vyeti. Mpe karatasi ya mtoto iliyokwisha sahihishwa, umuombe akae nayo dakika kumi kabla hajaongea. Kisha sikiliza. Akianza kueleza mada kutoka mwanzo, hajasoma karatasi. Akimuuliza mtoto "hapa ulikuwa unafikiri nini?" na akasubiri jibu, huyo anafaa, awe injinia au mwalimu. Angalia kalamu iko mkononi mwa nani. Katika saa moja ya hesabu, kalamu ikae kwa mtoto zaidi ya nusu ya muda.

Kwa injinia ongeza jambo moja. Mpe swali la mtihani uliopita, la S.4 au S.6 kulingana na mtoto, na umuombe alitatue kama mtahiniwa, hatua kwa hatua, kisha mlinganishe na majibu ya mwalimu wa shule. Akiona ameruka hatua na akakubali kujifunza mpangilio wa UNEB, umepata mtu mwenye vyote viwili. Nawajua mainjinia waliofanya hivyo na vijana wao wakafaulu vizuri. Akisema mpangilio ni upuuzi wa wasahihishaji, mtoto wako ndiye atakayelipa.

Kwa aliye na uwezo wa kuwachanganya, ningepanga hivi: injinia kuanzia S.3, mara moja kwa wiki, kwa mada za nguvu, nishati, umeme na hesabu zinazoambatana nazo. Muhula wa tatu wa S.4, mwalimu aingie kwa ajili ya mazoezi ya karatasi. S.5 arudi injinia, hasa kwa mekanika, ambayo inaingia kwenye fizikia na kwenye hesabu pia. Kuanzia muhula wa pili wa S.6, mwalimu peke yake, pamoja na Jumamosi za maabara ambazo shule nyingi huruhusu ukiomba kwa barua mapema. Malipo yawe kwa vipindi vilivyofundishwa, mwisho wa mwezi, na mada zilizokubaliwa ziandikwe nyuma ya daftari la mtoto. Baada ya wiki sita mpe mtoto maswali yaleyale yaliyomshinda mwanzoni. Kama bado anakwama mstari uleule, badilisha mtu kabla muhula haujaisha.